Sura ya Tano: Rasilmali Ndogo Mikononi mwa Kijana

Mzee anayetaka kumhimiza kijana aanze biashara aghalabu humtajia jina la Said Salim Bakhresa, aliyezaliwa Unguja mwaka 1949, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akauza urojo, na hatimaye akawa mwenye vinu vya unga, viwanda na vyombo vya baharini, ambaye jina lake la biashara linajulikana katika nchi nyingi za Afrika. Habari hiyo ni mashuhuri, na hakuna sababu ya kuionea kijicho. Ila kwa kijana wa kidato cha pili ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba husimuliwa kutoka mwisho wake, na msimulizi akishaufikia utajiri hana haja tena ya kueleza yaliyotokea siku ile viazi vilipobaki sufuriani na wanunuzi wamekwenda zao. Zaidi ya hayo, kwa kila mmoja aliyeacha shule akauza urojo akatajirika, wapo wengi walioacha shule wakauza urojo kwa bidii ileile, na hadi leo wanauza urojo, wala majina yao hayatajwi katika mahimizo ya mtu yeyote. Kijana anayeahidiwa mamilioni kabla hajajua kuipata kwa hesabu faida ya shilingi 4,000 ametiwa tamaa, maarifa bado hajapewa.

Katika sura hii nataka kushughulika na jambo dogo kuliko hilo, yaani ile fedha ya kwanza, shilingi 10,000 au 20,000, jinsi inavyoingia mkononi mwa kijana wa miaka 13 hadi 18, inavyozunguka, na inavyorudi au isivyorudi. Rai yangu ni kwamba biashara ya kijana yapasa iwe ndogo kiasi cha hasara yake kuvumilika, na iwe ya kweli kiasi cha hasara hiyo kumwuma. Na kwamba wazazi wengi wa kwetu, kwa mapenzi yao wenyewe, huuondoa ule ukweli bila ya kujua, wakabaki na mtoto anayedhani anafanya biashara ilhali anachezea mali ya jikoni.

Kwanza yafaa tupambanue mambo mawili yanayochanganywa sana. Katika miji ya pwani, tangu Lamu hata Kilwa, ilikuwepo desturi, na mahali pengine ingalipo, ya mama asiyetoka nje kwa ajili ya staha kukaanga vitumbua alfajiri, na mwanawe kuvichukua kwa siniya au ungo, akapita vichochoroni akivinadi, akarudi na fedha, akatoa hesabu, kisha akaenda chuoni au shuleni. Mtoto yule alijifunza mengi: kurudisha chenji bila ya kukosea, kuitambua nyumba inayonunua na ile inayouliza bei tu, na kunyamaza anapotolewa maneno ya kejeli. Hata hivyo hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mjumbe. Unga ulinunuliwa na mama, bei ilikatwa na mama, faida ilikuwa ya mama, na kama vitumbua viliungua, shauri lilikuwa la mama. Kumsaidia mzazi ni wema na ni murua, wala sikusudii kuitia dosari desturi iliyolisha nyumba nyingi. Nasema tu kwamba mzazi anapojigamba ya kuwa mwanawe ameanza biashara, inajuzu kumwuliza faida ni ya nani, na ni nani mwenye hiari ya kubadili bei. Na pale ambapo mtoto anazurura na karanga katika kituo cha mabasi saa nne za asubuhi, wakati wenzake wako darasani, swali hilo halina haja ya kuulizwa, maana sheria imekwisha kulijibu: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara humruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala masomo yake, na Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011.

Kosa hilohilo la kumwacha kijana mbali na hesabu lilifanywa na shule zetu kwa muda mrefu. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi mwaka 1967, hakutaka wanafunzi washike jembe tu. Alitaka shamba la shule liwe na hesabu, wanafunzi washiriki katika kuamua mambo yake, na waone kwa macho yao namna mavuno yanavyowarejea wenyewe kwa njia ya maisha bora shuleni. Shule nyingi zilichukua jembe zikaliacha daftari. Mwanafunzi alilima mahindi asiyoyajua yameuzwa kwa bei gani, akafuga kuku asiowajua wameliwa na nani, na mwisho shamba likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa kufika mstarini. Watu wazima wengi wa leo wanaoisikia habari ya miradi ya shule hukunja uso kwa kumbukumbu hiyo, na siwalaumu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2024 umeipa elimu ya biashara nafasi kubwa zaidi kwa wanaoingia kidato cha kwanza, na hilo ni jambo la kheri. Walakini mtoto anaweza kupata alama zote katika mtihani wa leja na asijue kwa nini sukari yake imekwisha kabla ya fedha yake kurudi.

Natuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua, na bei nitakazozitaja zichukuliwe kuwa za mfano tu, kwa sababu hupanda na kushuka. Binti wa miaka 15, mkazi wa Ngamiani mjini Tanga, ameazimia kutengeneza ubuyu wa sukari na kuuza jioni na siku za mapumziko. Ananunua sokoni kilo 2 za ubuyu mweupe, ule unaoletwa kutoka Dodoma na sehemu nyingine za bara zenye mibuyu mingi, kwa shilingi 7,000. Anahitaji kilo 1 ya sukari, ambayo ni shilingi 3,000. Iliki, pilipili manga, rangi na arki, jumla shilingi 1,500. Mkaa wa shilingi 1,500. Na vifuko vya kufungia vya shilingi 1,000. Anachemsha sukari na maji kidogo hata shira iwe nzito na kunata, anatia rangi na viungo, anamimina ubuyu, na hapo ndipo kazi inapoanza, maana lazima ageuze kwa mwiko bila ya kupumzika, moto ukiwa mdogo, mpaka kila kokwa livae sukari yake na kukauka peke yake. Akichoka mapema ubuyu hushikana ukawa bonge moja, na akizidisha moto sukari huungua, ukawa mchungu. Akiisha kuuanika katika siniya mpaka upoe anaufunga katika vifuko 90, na kila kifuko anakiuza shilingi 200, kwa kuwa hiyo ndiyo sarafu iliyomo mfukoni mwa mtoto mwenzake.

Akiuza vyote atapata shilingi 18,000. Gharama yake ni shilingi 14,000. Faida ni shilingi 4,000, nayo si haba kwa kazi ya jioni moja na mauzo ya siku mbili tatu. Lakini hivyo sivyo mambo yanavyokwenda katika nyumba nyingi. Binti hununua ubuyu, viungo na vifuko kwa fedha yake, jumla shilingi 9,500. Ama sukari huichota katika kopo la mama, na mkaa huuchukua katika gunia lililoko uani, kwa kuwa vipo, na mama akimwona hucheka kwa furaha kwamba mwanawe ana akili. Mwisho wa wiki binti huhesabu shilingi 18,000, akatoa 9,500, akaona faida ya shilingi 8,500, ambayo ni zaidi ya maradufu ya faida yenyewe. Akinunua viatu kwa fedha hiyo, nusu ya viatu imenunuliwa na jikoni. Na ubaya wa jambo hili haumo katika ile sukari ya shilingi 3,000, kwa maana mama yu radhi nayo. Umo katika kwamba binti huyu, siku atakapokwenda kupanga chumba chake katika mji mwingine na kuanza ubuyu uleule kwa bei ileile, atashangaa kuona biashara iliyomlipa vizuri nyumbani inamkausha ugenini, asijue aliyekuwa akimlipa siku zote ni nani.

Basi mama mwenye busara atauza sukari yake kwa binti yake kwa bei ya dukani, na mkaa vilevile, na kama anataka kumfadhili atamfadhili kwa njia nyingine iliyo wazi. Najua kwamba wapo watakaoliona hili kuwa ni ubahili na kukosa huruma. Nimeshasikia shangazi mmoja akimlaumu wifi yake kwa kumwandikia mtoto deni la kibaba cha sukari, akisema, "Wifi yangu, mtoto wa kumzaa wewe unamfanyia duka?" Naam, anamfanyia duka, na mtoto atamshukuru, bali itakuwa baadaye sana, kwa sababu katika umri wa miaka 15 hakuna anayeshukuru kuuziwa sukari na mama yake.

Tuirudie ile faida ya shilingi 4,000, kwa maana bado haijafika salama. Vifuko 10 vimechukuliwa na marafiki na jamaa, wengine kwa ahadi ya kulipa Ijumaa na wengine kwa kauli ya "nipe kimoja nionje", na hizo ni shilingi 2,000. Vifuko 5 vimebaki, ikaja siku ya mvua, ubuyu ukapata unyevu ukashikana, na hizo ni shilingi 1,000 nyingine. Faida imekuwa shilingi 1,000. Mambo haya mawili, mkopo na mabaki, ndiyo yanayoua biashara za vijana kuliko kukosa wateja, na kati ya hayo mawili mkopo ndio wenye sumu, kwa kuwa umechanganyika na urafiki. Kijana hutaka kupendwa na wenzake, na kumnyima rafiki kifuko cha shilingi 200 kwaonekana kama kumvunjia heshima mbele ya watu. Wazee walikwisha kusema kukopa harusi, kulipa matanga, na mwenye kuyaona matanga hayo ni yule anayedai. Niliyoona yakifaa kidogo ni haya: kijana atenge tangu mwanzo vifuko vitatu au vinne vya ukarimu, avihesabu katika gharama yake, avigawe kwa uso mkunjufu, na vikiisha aseme vimekwisha, maana mtu hawezi kuondoa ukarimu katika maisha ya kwetu, ila anaweza kuuwekea mpaka. Kifuko kinachotolewa kama zawadi hakimpotezei rafiki, ila kile kinachodaiwa wiki tatu humpotezea rafiki na shilingi 200 pamoja.

Na bei? Kijana anayeona faida yake imekuwa ndogo hukimbilia kupandisha bei, kisha hugundua kwamba mtoto mwenye sarafu ya shilingi 200 hana 250, na akiwa nayo haoni sababu ya kuitoa. Katika biashara hizi ndogo, bei hufungwa na sarafu, na mwenye akili hutafuta upenyo kwingine: badala ya vifuko 90 hufunga 95, kwa uadilifu, pasipo kuwadanganya watu kwa kifuko chenye hewa nyingi, au huungana na mwenzake wakanunua ubuyu kwa jumla, wakagawana, kila mmoja akapika wake, au huacha kupika ubuyu mchana wa mwezi wa Ramadhani, ambapo wateja wake wamefunga, akajishughulisha na tambi na visheti vya Idi, ambavyo huagizwa kabla na kulipiwa kabla. Haya hayamo katika vitabu vya shule, na binti atayavumbua peke yake katika miezi michache ikiwa tu hasara inamfikia yeye, haikuzuiliwa njiani na mtu mzima.

Nimeeleza ubuyu kwa urefu kwa sababu chakula ndicho kinachokuja kwanza katika fikira za watu. Lakini chakula kina ila yake, kwamba rasilmali huoza, na kwa kijana asiye na fedha kabisa ningemshauri aanze na ufundi. Mvulana mwenye pampu ya baiskeli, besheni la maji, kipande cha msasa, gundi na viraka anaweza kukaa chini ya mwembe karibu na nyumba yao siku ya Jumamosi na kuziba pancha, na ikiwa hakuja mteja hata mmoja hakupoteza ila siku, kwani gundi iliyofungwa vema itangoja. Anachouza ni mkono wake. Anauzamisha mpira majini, anatazama mapovu yanapotokea, anakausha, anasugua kwa msasa mpaka mahali pale pawe pakavu na pa kukwaruza, anapaka gundi, anaingoja ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Na katika kungoja huko ndimo fundi hodari anamojulikana, maana mwenye pupa hubandika mbichi, na baiskeli hurudi kesho yake na mwenyewe akiwa na maneno. Tofauti ni kwamba mwenye ufundi hupata taabu ya kukata bei, kwa sababu haoni alichotoa. Hujiambia kiraka ni cha fedha kidogo, basi achukue fedha kidogo, akisahau nusu saa ya kuinama juani. Kijana afundishwe kuuandika muda wake katika daftari kama vile anavyoandika gundi, hata ikiwa kwa sasa hauna bei anayoijua. Siku akitakiwa kuchagua kati ya pancha na masomo ya ziada atakuwa na kitu cha kupima.

Kuku nitawapitia kwa haraka, ingawa ndio wanaopendwa na wenye kutoa mawaidha. Mradi wa kuku kumi wa kienyeji ni mzuri kwa kijana anayekaa mahali penye uwanja, sharti ajue kwamba kideri kinaweza kuwamaliza wote katika siku chache, na kwamba chanjo yake ya matone ya jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Asiyekuwa tayari kuishika tarehe hiyo asifuge.

Sasa tuje katika rasilmali yenyewe, itoke wapi. Fedha ya Idi au ya Krismasi, ijara ya kumsaidia jirani kazi ya likizo, kibubu kilichovunjwa, vyote ni vyema, na fedha iliyochumwa hutumiwa kwa uangalifu kuliko iliyopewa. Pasipokuwa na hiyo, mzazi au mjomba akopeshe, asitoe bure. Karadha ya shilingi 15,000, isiyo na riba, iandikwe kwenye karatasi: tarehe, kiasi, na namna ya kulipa, wote wawili watie saini, na mtu wa tatu wa nyumbani awe shahidi. Ikiwa mjomba ataona ni mzaha kuandikiana na mtoto, akumbushwe kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Bakara, inahusu kuandika madeni na kuyashuhudilia. Karatasi hiyo haina nguvu mbele ya mahakama, kwa sababu asiyefikia miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba. Nguvu yake imo katika heshima ya wale wawili, nayo yatosha. Lakini kwa sababu hiyohiyo ya umri, kijana asiingizwe katika jambo lolote lenye mkataba wa kweli, kama kupanga fremu au kuchukua mali kwa mali kauli kutoka kwa mfanyabiashara wa mjini, maana atakayeshikwa ni mzazi. Ama ile mikopo ya haraka ambayo watu wa mitaani wameipa jina la kausha damu, hata mtu mzima yampasa aikimbie.

Ikiisha kupatikana fedha, itahifadhiwa wapi? Hapa pana tatizo la zama zetu ambalo babu zetu hawakulijua. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, na mwaka uliofuata Tanzania, fedha ndogo za Afrika Mashariki zimehamia katika simu, na kijana asiye na kitambulisho cha taifa hutumia laini ya mama yake. Mteja analipa ubuyu kwa simu ya mama. Katika simu hiyohiyo imo fedha ya umeme, ya mchango wa harusi, na ya upatu. Jioni mama ananunua luku, na hakuna ajuaye shilingi zilizokwenda zilikuwa za nani. Dawa ni laini ya pili ya mama iliyotengwa kwa shughuli ya mtoto tu, au akaunti ya mtoto ambayo benki kadhaa hufungua kwa dhamana ya mzazi. Na kama vyote viwili haviwezekani, mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la kurasa 40 halihitaji kitambulisho.

Nalo daftari lisiwe la mapambo. Kurasa mbili zinazoelekeana zatosha, fedha iliyoingia upande mmoja na iliyotoka upande wa pili, kila siku kabla ya kulala, hata siku ambayo hapakuuzwa kitu. Mzazi aliangalie mara moja kwa wiki, asilishike mwenyewe, wala asisahihishe kimyakimya.

Lipo jambo moja ambalo wenye kuhimiza vijana hulisahau karibu wote, nalo ni kufunga biashara. Mwaka 1919, katika mji wa Springfield wa jimbo la Massachusetts huko Marekani, Horace Moses aliyekuwa mwenye viwanda vya karatasi, Theodore Vail wa kampuni ya simu ya AT&T, na Murray Crane aliyewahi kuwa seneta walianzisha chama cha Junior Achievement, ambacho sasa kina matawi katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwa miongoni mwake. Utaratibu wake mashuhuri ni wa vijana kuunda kampuni yao, kuuza hisa kwa bei ndogo, kutengeneza kitu na kukiuza. Na unaponivutia ni mwishoni, pale kampuni inapovunjwa, madeni yakalipwa, na wenye hisa wakarudishiwa chao pamoja na faida kama ipo. Vijana hao huyajua mazishi ya biashara mapema, wakiwa hawana cha kupoteza ila hisa ndogo.

Wala pwani hatuna haja ya kuliazima wazo hilo kwa Wamarekani. Jahazi lililokuja na kaskazi na kurudi na kusi lilikuwa na hesabu iliyofungwa kila mwisho wa safari: gharama za chombo zilitolewa kwanza, kisha kilichobaki kikagawanywa kwa mafungu kati ya mwenye chombo, nahodha na mabaharia. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri kwa jahazi la Kuwait hadi Unguja na maingilio ya Rufiji mwaka 1938 na 1939, aliwakuta mabaharia hao wakiwa na vijibiashara vyao wenyewe pembeni, kila mtu na sanduku lake, wakiuza na kununua katika bandari walizotia nanga. Safari ilikuwa na mwanzo na mwisho, na aliyepata hasara msimu huu alijua kiasi chake kabla ya kuamua kupanda tena.

Biashara ya kijana nayo ifuate msimu. Muhula wa shule una mwisho wake, na mtihani wa kidato cha nne huja kila Novemba bila ya kuomba radhi. Basi kila muhula ukikaribia kwisha, kijana ahesabu bidhaa zilizobaki, adai anachodai, alipe anachodaiwa, karadha ya mjomba ikiwa ya kwanza, na afunge ukurasa. Akitaka kuanza tena likizo, aanze upya kwa hiari yake. Aliye katika mwaka wa mtihani asianze kabisa. Faida iliyobaki ni yake kweli, nami nimeona nyumba ambazo hapa ndipo pagumu kuliko pote, kwa kuwa baba anayehitaji shilingi 10,000 ya haraka hukumbuka kibubu cha mwanawe kabla ya kumkumbuka jirani, akakopa kwa maneno matamu, na deni likanyamaziwa mpaka mtoto akaona aibu kudai. Mzazi anayekopa kwa mwanawe aandike kama alivyoandikishwa mtoto, na alipe siku aliyoitaja.

Kuhusu mabinti ninaongeza neno moja bila ya kulizungusha: binti asiende peke yake kupeleka bidhaa ndani ya nyumba ya mtu asiyejulikana na wazazi wake, na mteja anayesisitiza aletewe chumbani asiuziwe, hata akinunua siniya nzima. Mauzo yafanyike kibarazani, penye watu na mwanga. Sharti hili lawahusu wavulana pia kuliko wanavyodhani baba zao.

Hasara ikitokea, na katika mwaka wa kwanza itatokea, mzazi asiifidie jioni ileile, hata kama fedha anayo na moyo unamsukuma. Mtoto aachwe siku mbili tatu na uzito wa jambo lenyewe, kisha aitwe, na daftari lifunguliwe mbele ya wote wawili, waangalie fedha ilipotokea na ilipopitia, bila ya kelele na bila ya kumtajia mtoto wa jirani aliyefaulu. Ikiwa sababu inaonekana humo, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, tarehe ya mvua ipo, majina ya waliokopa yapo, akopeshwe tena, labda nusu ya kiasi cha kwanza. Akija na maelezo marefu na kurasa nyeupe, angoje likizo ijayo, na daftari jipya alinunue kwa fedha yake.